Chungu Kilichoumia

Bibi Mhoja aliungua mkono siku ya nne tangu atoke hospitali, saa nne asubuhi, na kosa lake lilikuwa njaa tu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa taya. Daktari aliagiza ale chakula laini, cha moto, mara tatu kwa siku, akaliandika agizo hilo kwa mwandiko mzuri kana kwamba karatasi ndiyo itakayopika. Mkwe wake, Modesta, alishaondoka alfajiri kwenda kazini Nyegezi. Mwanawe, Revocatus, alikuwa kilimani anajenga ukuta wa mawe wa mtu. Uji wa kwenye chupa uliisha mapema. Basi bibi akawasha jiko la mkaa, akainama kulipuliza, kizunguzungu kikamshika, naye ili asianguke akajishika pale alipoweza kujishika, yaani ukingoni mwa jiko.

Jirani ndiye aliyempigia Modesta simu. Modesta alikuwa anasugua vyoo vya hosteli ya wanafunzi. Aliacha ndoo na brashi palepale, akaenda kuomba ruhusa kwa msimamizi wake, mama mmoja aitwaye Dorotea, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa amechoka kusikiliza shida za watu.

"Mama Queen, wiki iliyopita umekaa hospitali siku tatu, sikusema neno," alisema Dorotea. "Leo tena. Mimi nakuonea huruma, lakini wakubwa hawanionei huruma mimi. Nenda. Ila ukiondoka tena katikati ya kazi, usirudi."

Modesta akasema asante. Mtu akitishia kukufukuza kazi nawe ukamjibu asante, ujue umeshikwa pabaya. Alitoka getini akiwa bado amevaa glovu za mpira, watu wakamtazama, akazivua barabarani.

Jioni ile, katika vyumba vyao viwili pale Mabatini, watu watatu walikaa kuzungumza jambo ambalo kila mmoja alishalijua. Kazi ya Modesta ndiyo iliyomweka binti yao Queen shuleni, bweni. Kazi ya Revocatus leo ipo, kesho haipo, na siku ikiwapo inamchukua tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Bibi hawezi kuachiwa moto. Bila moto hakuna chakula laini, na bila chakula taya halitapona.

"Nirudisheni Sengerema," alisema Bibi Mhoja kwa nusu ya kinywa, maana nusu nyingine bado ilikuwa haifunguki. "Nyumba yangu ipo."

"Nyumba ipo. Yumo nani?" aliuliza Revocatus.

Hakukuwamo mtu.

"Basi mimi niache kazi," alisema Modesta.

"Uache kazi kwa ajili ya uji wangu?" Bibi alikasirika kweli, mpaka akajishika shavu kwa maumivu. "Sijawahi kula chakula cha bei hiyo."

Walicheka, japo hapakuwa na la kuchekesha. Kisha wakalala bila kuamua chochote.

Jumamosi Modesta aliteremka Mirongo kununua dawa ya kupaka jeraha. Njiani akapita dukani kwa Bi Moza kumsalimia. Bi Moza aliuza vyombo vya nyumbani vya mtumba: sahani, vikombe, pasi, birika za umeme, vitu vinavyoshuka kwenye makontena kutoka kwa watu waliovichoka. Modesta aliwahi kumfanyia kazi miaka miwili kabla ya kupata hosteli, akimpangia na kumfutia vyombo.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Unakula au unahadithiwa?"

Modesta hakukusudia kusimulia, lakini alisimulia yote, taya, mkono, Dorotea, Sengerema. Bi Moza alisikiliza akiwa amekunja uso. Mwisho akaingia nyuma ya duka, akapekua maboksi yaliyoingia juzi, akarudi amekumbatia kitu cha duara chenye maua yaliyofifia ubavuni. Nje kilikuwa bati, ndani kina chungu kizito cha udongo wa kung'aa rangi ya kahawia, juu mfuniko wa kioo.

"Wenyewe wanakiita slow cooker. Mimi nakiita chungu cha umeme. Unatia chakula alfajiri, unawasha, unakwenda zako. Hakitoi moto, hakiunguzi, hakimwagiki. Mpaka mchana hata mfupa umelainika. Tunasema haraka haraka haina baraka, kumbe Wazungu wameitengenezea na jiko." Akacheka peke yake. "Ila maharage usiyatie mabichi. Yachemke kwanza kwenye mkaa, yachemke hasa, ndiyo uyahamishie humu. Ukiyatia mabichi yatawaumiza matumbo."

"Nitakulipa kidogo kidogo, Bi Moza."

"Ukinilipa nitakutukana. Umefuta vyombo vyangu miaka miwili, hukuvunja hata kisosi. Mpelekee mama."

Modesta alipiga goti pale pale kwenye sakafu ya duka. Alikuwa na shukrani za kweli, na sitaki mtu yeyote azitilie shaka kwa sababu ya lile alilolifanya baadaye.

Mbele ya duka la Bi Moza, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kibanda cha Bashiru, fundi umeme. Vitu vyote vya umeme vya Bi Moza hupita kwa Bashiru kabla ya kuuzwa, hilo Modesta alilijua vizuri. Chungu hiki kilitoka kwenye boksi moja kwa moja hadi mikononi mwake. Aliutazama waya wake. Karibu na plagi ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi. Mtu mwenye akili angevuka barabara, hatua ishirini tu, akasema, "Bashiru kaka, nitazamie hiki." Kuuliza si ujinga.

Lakini angevukaje? Bi Moza alikuwa amesimama mlangoni anamsindikiza kwa macho. Kumpa fundi zawadi aikague mbele ya aliyeitoa ni sawa na kumwambia aliyeitoa kwamba humwamini. Modesta alilelewa Bukoba, kwenye nyumba ambayo mgeni akileta ndizi mbovu unamshukuru mpaka aondoke, ndipo unawapa mbuzi.

"Mama Queen! Habari za siku nyingi?" Bashiru aliita kutoka kibandani. "Umebeba nini hicho?"

"Nzuri tu, kaka. Ni chombo tu," alijibu Modesta, akakifunika na kanga na kuongeza mwendo.

Alikipeleka Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi, kwa fundi mmoja aitwaye Jonathan ambaye hakumjua Bi Moza wala hakumjua Modesta. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi. Jonathan akaifungua kanga kwa ncha za vidole.

"Mama, umekifunga hivi umekiiba?"

Benchi zima likacheka. Modesta naye akacheka kidogo, kama anavyocheka mtu asiyekuwa na fundi mwingine. Jonathan akabandua ule utepe, akaunga waya upya, akasoma maandishi ya chini ya chombo na kusema volti zake zinafaa kwa umeme wetu. Hapo alifanya kazi nzuri. Akakichomeka. Baada ya dakika tano akaweka kiganja ndani ya chungu kikavu.

"Kinapata moto. Kizima. Nenda kapike."

"Kweli kizima? Atakitumia mgonjwa."

"Mama, mimi ndiye fundi au wewe?"

Modesta alilipa, akaomba radhi kwa kuuliza, akaondoka moyo mweupe.

Jumapili jioni kulikuwa na furaha ndogo katika vyumba vile viwili. Modesta alichemsha mahindi yaliyokobolewa na maharage kwenye mkaa, yakachemka hasa kama alivyoagizwa. Revocatus alikiweka chungu cha umeme juu ya stuli karibu na soketi, akakizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, kesho utakula makande laini kama uji," alisema. "Mchana unafunua, unapakua, unafunika. Basi."

Bibi Mhoja alikuwa amekaa mkekani. Ujana wake wote aliufinyangia vyungu na kuviuza kwenye minada, mpaka mabakuli ya plastiki yalipoingia na kumstaafisha. Alinyoosha ule mkono usioungua, akaitoa sehemu ya ndani, ile ya udongo, akaipakata. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akaigeuza kidogo, akagonga tena, kichwa kikiwa kimeinama. Alipofika upande mmoja akagonga mara tatu.

"Hiki kimeumia," alisema.

"Wapi, mama? Mbona hakina ufa?" Modesta alikichukua, akakipeleka kwenye taa. Kiling'aa kote.

"Sijasema nimeona. Nimesikia. Chungu kizima kinaitika. Hiki upande huu kinaguna."

Revocatus alicheka. "Mama, hicho ni cha kiwandani, si cha Sengerema. Na fundi amekipima."

"Amekigonga?"

"Fundi umeme hagongi vyungu, mama."

Modesta hakucheka. Alihisi kitu kikimchoma, nacho kilikuwa hasira. Aliona kama mkwe wake anatafuta sababu ya kukataa, kama anavyotaka kukataa kila kitu ili arudishwe kwao afe kwa heshima. Akakirudisha chungu mahali pake, akageuka kuosha vyombo kwa makelele.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Modesta alitia makande kwenye chungu, akaongeza maji na mafuta kidogo, akawasha swichi ya ukutani, akaondoka.

Saa moja Revocatus alikuwa anajiandaa. Aliona stuli imekaribia mno pazia, akashika ubavu wa chungu ili akisogeze. Kikamuuma.

Hakikumrusha. Kilimng'ata tu, ile ya kupanda mpaka kwenye kiwiko, na Revocatus aliijua vizuri. Katika nyumba ile umeme ulimuuma kila mtu. Pasi iliuma, friji ya jirani iliuma. Mwenye nyumba akiambiwa hujibu kwamba nyumba imekaa juu ya jiwe, waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ataufukia wapi? Kwa hiyo wapangaji walijifunza kuvaa ndala kabla ya kushika chochote chenye waya. "Ndala ndiyo ethi yetu," walikuwa wakitaniana, na utani ukishadumu sana watu husahau kwamba ulikuwa juu ya kifo.

Revocatus akavaa ndala. Akagusa tena kwa kidole kimoja. Safari hii kimya. Akakisogeza.

Kisha akasimama, akamtazama mama yake aliyekuwa amelala mkekani, uso nusu umefunikwa na kanga. Aliitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba tangu hospitali, haikuingia kwenye ndala yoyote ya nyumba ile. Mchana angeamka, angetembea peku juu ya saruji, mikono imelowa, afunue, apakue. Revocatus aliyaona yote hayo kwa dakika moja nzima. Aliona pia uso wa jana wa mke wake, uliotabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Akakumbuka kwamba fundi amesema kizima. Akakumbuka kwamba ukuta unamsubiri na msimamizi ni mkali. Akajiambia ni umeme wa nyumba hii tu, si chungu. Akafunga mlango polepole asimwamshe mama, akaenda zake.

Msimhukumu upesi. Nimewaona watu wengi wema wakifunga mlango hivyohivyo.

Modesta alirudi saa kumi na nusu jioni. Alikuwa amefanya kazi siku nzima bila kupigiwa simu, na alipopanda ngazi za mawe kuelekea kwao alikuwa anaimba kwa ndani. Akafungua mlango.

Chungu cha umeme kilikuwa baridi. Swichi imezimwa. Makande yalikuwa ndani ya ndoo, magumu, yamefunikwa na sahani. Bibi Mhoja alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka.

"Mama, hujala?"

"Nimekunywa maji ya sukari."

"Tangu asubuhi? Nani amezima?"

"Mimi. Kwa mwiko wa mti."

Hapo Modesta akavunjika. Alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema katika miaka kumi na minne ya ndoa. "Unataka nini, mama? Unataka nifukuzwe kazi ndiyo ufurahi? Nimepigishwa magoti, nimechekwa na watu stendi, nimebeba hiki kitu mjini kama mwizi, kwa ajili yako! Mtu anakusaidia, wewe unaona kasoro! Basi kama unataka kwenda Sengerema, nenda!"

Majirani walinyamaza kule nje, kama wanavyonyamaza watu wasiotaka kupitwa na neno. Bibi alingoja mpaka maneno yakaisha. Kisha akaonyesha kwa kidevu pembeni ya mlango.

Pale chini palikuwa na sinia. Juu ya sinia bibi alikuwa ametandaza majivu makavu ya jikoni, ameyasawazisha vizuri, na juu ya majivu ameketisha ile sehemu ya udongo, imejaa maji.

"Kinyanyue," alisema.

Modesta akakinyanyua. Chini yake majivu yalikuwa meupe, isipokuwa upande mmoja, ambako palikuwa na alama nyeusi, nyembamba, ya unyevu, ndefu kama kidole. Alipopitisha kucha yake chini ya chungu mahali pale, aliuhisi ufa ambao macho yake yalikuwa hayauoni.

"Ndivyo tunavyovipima kabla ya kumuuzia mtu," alisema Bibi Mhoja. "Majivu hayadanganyi. Sasa, mwanangu, mimi umeme siujui. Lakini maji yakitoka hapa yanakwenda wapi? Si kwenye waya?"

Modesta alikaa chini. Alikaa kabisa, kama aliyesukumwa. Aliona miguu ya mkwe wake, peku, kwenye saruji. Akaona vizuri kitu ambacho angekikuta leo nyuma ya mlango ule.

"Mama, kwa nini hukwenda kwa jirani akupe hata uji?"

"Angeuliza kwa nini sina chakula. Ningesema nini? Kwamba zawadi ya rafiki yako ni mbovu? Kesho mji mzima ungejua. Wewe ungemtazamaje yule mama?"

Modesta akaangua kilio. Akamshika mkwe wake miguu yote miwili, ile iliyovimba, akaweka paji la uso juu yake, akasema asante, akasema nisamehe, akasema asante tena. Kisha akajifuta, akakoroga uji haraka kwenye mkaa, akampulizia kijiko kwa kijiko. Revocatus aliingia na vumbi la mawe kichwani, akaonyeshwa majivu. Alitoka nje, akakaa juu ya jiwe. Modesta alidhani ni uchovu.

Duka la Bi Moza hufungwa saa mbili usiku. Modesta aliteremka Mirongo na chungu mkononi, safari hii bila kanga. Moyo ulimdunda kuliko siku ya kuomba ruhusa kwa Dorotea. Alisimulia akitazama chini: utepe, Nyegezi, benchi lililocheka, kifundo cha kidole cha bibi, majivu.

Bi Moza aligeuka akayatazama maboksi. Modesta akaona urafiki wao unaondoka.

"Vilikuja viwili," alisema Bi Moza. "Kingine nimempelekea Najat jana."

Najat alikuwa binti yake, mzazi wa siku kumi na mbili. Bi Moza alishika simu, akapiga. "Najat! Kile chungu kimewashwa? Kizime ukutani. Usikiguse chenyewe. Usiulize, zima! Umezima? Mtoto yuko wapi? Haya. Alhamdulillah." Akakata, akakaa juu ya boksi, akajipepea na pembe ya mtandio. Kisha akamgeukia Modesta na macho yamejaa machozi. "Ulinionea aibu mimi, ukaenda kwa mtu asiyekujua! Ungevuka barabara tu!"

"Niliogopa utaona sikuamini."

"Na mimi niliona aibu kukuambia ngoja kwanza Bashiru akitazame. Nilitaka ukibebe palepale, nione unafurahi." Bi Moza akapenga kamasi. "Wapumbavu wawili sisi. Anayetushinda akili ni bibi aliyeshinda na njaa."

Bashiru aliitwa. Akakifungua chungu chini, akaonyesha kutu mbichi na maji yaliyokuwa yameshafika kwenye nyaya. "Alikijaribu kikavu?" aliuliza. "Chombo cha kupikia kinajaribiwa na maji ndani yake, na unakiacha saa nzima. Tena kwenye nyumba zenu za Mabatini zisizo na ethi? Mama Queen, kamshukuru Mungu, halafu kamshukuru yule bibi."

"Kesho asubuhi mlete hapa dukani," alisema Bi Moza. "Atakula anachokula Najat, mtori na supu, mpaka hiki kitakapotengenezwa. Na asiponikubalia, mwambie namhitaji kikazi."

Kweli alimhitaji. Bibi Mhoja alikaa siku tano kwenye duka la Mirongo, mto laini mgongoni, akigonga kila sahani na kila bakuli lililotoka kwenye maboksi. Lililoguna aliliweka kando. Cha Najat nacho alikigonga, kikaitika, akakipitisha. Na katika rundo la vyungu vilivyokosa mashine zao alikipata kimoja kilichoingia barabara kwenye kile cha maua. Bashiru alikausha nyaya, akabadilisha zilizooza, akakijaza maji, akakiacha kinachemka mchana kutwa mbele ya watu, huku akikipima kila saa.

Jumapili Bashiru alipanda Mabatini na fimbo ya shaba ya kufukiwa ardhini kwa ajili ya ethi. Mwenye nyumba akarudia wimbo wake wa jiwe. Revocatus hakubishana naye. Yeye ndiye aliyekuwa anajua mawe. Alizunguka nyumba mpaka akapata mfereji wa maji ya kuoshea, palipokuwa na udongo mweusi kati ya miamba miwili, akachimba tangu saa mbili hadi saa saba bila kupumzika, jasho likimwingia machoni. Fimbo ikazama yote. Bashiru akaunga waya, akapima kila soketi, akawaambia wapangaji wajaribu pasi zao peku. Watu waligusa wakiwa wamefumba macho. Hakuna aliyeumwa. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wote wakamshukuru Revocatus, wakamshika mkono, wakamwita mhandisi. Kila asante ilimuinamisha zaidi.

Jioni ile makande yalitoka kwenye chungu cha umeme yakiwa laini, yananukia. Modesta alimpakulia mkwe wake, kisha akatoka kwenda kumpelekea jirani bakuli. Mama na mwana wakabaki wawili.

"Mama," alisema Revocatus. Alikuwa ameshika kijiko lakini hakula. "Kile chungu. Jumatatu ile. Mimi nilijua."

"Najua," alisema Bibi Mhoja akitafuna polepole.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa sijalala. Nilikuona unavaa ndala."

Revocatus akaweka kijiko chini.

"Nikasema, sasa ataniambia. Nikangoja. Ukatazama miguu yangu, nikasema, sasa. Ukafunga mlango." Bibi akameza. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia habari za mvua iliyopita. "Ndipo nikaamka, nikatafuta mwiko, nikazima."

"Na majivu?"

"Majivu ni kwa ajili ya mke wako. Ningemwambiaje nimezima kwa nini? Angekuuliza wewe. Alikuwa na hasira nyingi, anatafuta wa kumlaumu. Nikampa chungu."

Revocatus alijifunika uso kwa mikono yake iliyochubuka na kulia kwa sauti ya chini. Wiki ile alikuwa amemshukuru daktari, amemshukuru Bi Moza, amemshukuru Bashiru. Mwanamke huyu aliyeshinda na njaa ili yeye asiaibike, hakuwa amemwambia hata neno.

"Asante, mama," alisema. "Asante. Asante."

"Kula, baba. Yanapoa."

Mlango ukafunguka. Modesta aliingia na bakuli tupu, akasimama. "Kuna nini? Mbona unalia?"

"Makande yamekolea," alisema Bibi Mhoja upesi. "Ndiyo anasifu."

Revocatus akafuta uso, akamtazama mama yake, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Mara hii hapana." Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha mkewe mahali pa kukaa.

"Modesta, kaa hapa. Kile chungu kiliniuma mimi kwanza."